Liwali Chongo wa Ujiji

Kila asubuhi Generosa alifungua banda la kuku, kisha akasimama pembeni kumpisha Chongo. Chongo alikuwa jogoo wa nyumba yao pale Kawajense, mjini Mpanda. Jicho lake moja lilichukuliwa na mwewe angali kifaranga, mguu wa kushoto aliuburuta, na kilemba chake chekundu kilikuwa kikubwa mno hata kikamlalia upande. Pamoja na hayo yote, alitembea kwa maringo utadhani kiwanja kimeandikwa jina lake. Aliwika saa aitakayo yeye, mara nyingi jua likiwa limeshatoka, na Mama Marsela, mama yake Generosa, aliapa kila wiki kwamba atamtia chunguni. Hakumtia.

Akimaliza kazi ya kuku, Generosa alichukua ndoo na kupitia nyumba ya jirani kumwita Mwamvua, rafiki yake wa tangu wakiwa wanatambaa. Walikwenda bombani pamoja na shuleni pamoja. Darasa la sita walikaa dawati moja, na kalamu ya mmoja ilikuwa ya wote wawili.

Baba yake Mwamvua, Mzee Mrisho, ndiye aliyekuwa mchinjaji wa mtaa. Kukiwa na ubatizo au ndoa, kipaimara au arobaini, kwa Mkristo au kwa Mwislamu, aliitwa yeye. Alikuja na kisu chake amekiviringisha kwenye kipande cha gunia, akachinja, akapewa shingo ya mnyama kama shukrani, kisha akakaa na wenzake kupiga soga. Akishachinja yeye, watu wote walikula chungu kimoja na hakuna aliyeuliza swali. Mambo yalikuwa hivyo tangu Generosa hajazaliwa, ndiyo maana hakuwahi kuyafikiria.

Mwaka huo ulikuwa ule uliofuata uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Watu wazima walikuwa bado na mazoea ya kuulizana wewe uko upande gani, na watoto wana masikio.

Siku moja Mwalimu Cletus, aliyefundisha historia, aliweka chaki chini na kuegemea meza yake. Wanafunzi walifurahi, kwa kuwa akifanya hivyo ilikuwa dalili kwamba hakuna kunakili.

"Mmesoma kwamba zamani mapadri walikaa Karema, kando ya ziwa," alisema. "Na Ujiji walikaa wafanyabiashara wa misafara, Waislamu. Sasa hebu tufikiri. Ingekuwaje kama Karema ingekua, ikawa ufalme wa Kikristo wenye jeshi lake? Na Ujiji nayo ikawa usultani wa Kiislamu? Sisi wa hapa katikati tungekuwa watu wa nani? Tungelipa kodi wapi?"

Mikono ikanyooshwa kila upande. Mmoja alisema Mpanda ingekuwa mji mkuu. Mwingine alisema isingekuwepo kabisa, ingechomwa moto na pande zote mbili. Mwalimu Cletus alicheka hadi akafuta macho.

"Vizuri. Lakini sikilizeni, hayo hayakutokea," alisema. "Tunayafikiria tu, ili tukirudi kwenye yaliyotokea tuyaelewe vizuri zaidi."

Kengele ya mapumziko ililia, na wanafunzi wengi wakatoka kabla hajamaliza sentensi hiyo.

Kesho yake mchezo ulikuwa umeshaanza nyuma ya darasa. Walichora ziwa ardhini kwa kijiti, wakaweka mawe kuwa miji na punje za mahindi kuwa askari. Generosa alikuwa Malkia wa Karema, na Mwamvua akawa Sultani wa Ujiji. Arcade, mvulana mpole ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alikuwa tarishi wa kupeleka ujumbe huku na huku. Walicheza kila mapumziko, na uwanja ukajaa watazamaji.

Tatizo ni kwamba Mwamvua alikuwa na akili ya kutawala. Siku ya kwanza tu aliiteka Uvinza, kwenye chumvi. Kisha akafungua soko, akapunguza ushuru, akatangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuja kuuza bila kuulizwa anasali wapi. Punje za mahindi zikaanza kuhama Karema zenyewe, yaani watazamaji ndio waliozihamisha, wakisema, "Mimi nakwenda kwa Sultani, kwa Malkia mboga haina chumvi." Generosa alikuwa amejenga maboma na makanisa kila mahali, na watu wake walikula ugali mkavu.

Alichukia. Alichukia hasa pale Mwamvua alipomtuma Arcade na ujumbe mpya.

"Sultani anasema vita iishe," Arcade alisema, amesimama wima kama tarishi wa kweli. "Anaandaa karamu ya amani. Watu wa Karema na wa Ujiji wale pamoja."

Generosa alimtazama Mwamvua kwa jicho la pembeni. Anayeshinda anataka amani ya nini? Lazima pana mtego hapa, aliwaza.

"Siji," alisema.

"Kwa nini?" Mwamvua aliuliza.

"Kwa sababu atakayechinja ni liwali wako."

"Liwali gani? Mimi sina liwali."

"Unaye," Generosa alisema, na maneno yakaanza kumtoka yenyewe. "Liwali Chongo. Ana jicho moja, anavaa kilemba chekundu, anaburuta mguu wa kushoto. Anapochinja ananong'ona maneno juu ya kisu. Ukila nyama ile unakuwa mtu wa Sultani bila kujijua. Ndivyo Ujiji ilivyopata watu wote wale."

Mwamvua aliangua kicheko. "Chongo! Generosa jamani, wewe mwongo!"

Lakini wengine hawakucheka, kwa kuwa hawakumjua jogoo yule. Walikuwa wamekaa kimya, macho yamewatoka. Kimya kile kilikuwa kitamu. Tangu mchezo uanze, hakuna aliyekuwa amemsikiliza Malkia namna ile.

"Umetunga, au ni kweli?" Arcade aliuliza.

Hapo ndipo Generosa alipokosea. Angeweza kusema nimetunga, wakacheka, wakaenda darasani. Badala yake akainua kidevu.

"Mwalimu Cletus ndiye aliyesema. Aliniambia mimi, nilipompelekea chaki ofisini."

Kicheko cha Mwamvua kikakatika. Kengele ikalia.

Arcade hakuwa mtoto wa uongo, na ndiyo maana habari ilifika mbali. Jioni ile alimweleza baba yake alichosikia shuleni, na baba yake akaamini, kwa sababu imesemwa na mwalimu. Baba akawaambia wenzake pale sokoni Kashaulili, kwenye magunia ya mchele. Wenzake wakatia chumvi kidogo kila mmoja, wakapeleka majumbani. Kabla wiki haijaisha, wanawake bombani Kawajense walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini, na Mama Mwamvua akitokea na ndoo yake, walikohoa na kuanza kuzungumzia bei ya sabuni.

"Kumbe ndiyo maana wanapenda kuchinja wao," mmoja alisema, Generosa akisikia. "Sisi tunakula tu, tunafurahi."

"Na mimi nilijiuliza siku nyingi," mwingine akadakia, ingawa hakuwahi kujiuliza hata mara moja.

Upande wa pili nao haukukaa kimya. Waislamu wa mtaa walipoona wanakoholewa, nao wakaanza kuwaza yao. Ikasemwa kwamba Wakristo wana mpango wa kutia mafuta ya nguruwe kwenye pilau la sherehe, watu wale bila kujua. Nani aliyaona mafuta hayo? Hakuna. Lakini kila mtu alikuwa na shemeji aliyemjua mtu aliyeyaona.

Shuleni punje za mahindi zilisahaulika, kwa kuwa sasa askari walikuwa watoto wenyewe. Foleni ya bomba la shule iligawanyika ikawa mbili. Mtoto akipewa muhogo na mwenzake, aliunusa kwanza. Mwamvua alihamia dawati la mbele, akaenda na kalamu yake.

Generosa alimvizia njiani wakati wa kurudi nyumbani. "Mwamvua, mbona umenihama?"

Mwamvua alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe unajua, na mimi najua. Chongo ni jogoo."

"Basi si uwaambie?"

"Nimewaambia! Wanasema natetea kwetu. Mimi ni wa upande ule, nani atanisikiliza? Wa kusema ni wewe." Alingoja. Generosa alitazama vidole vyake vya miguu. "Basi," Mwamvua alisema, akaenda zake.

Generosa alibaki pale njiani. Alitaka kumkimbilia. Lakini kusema ukweli kulikuwa na njia moja tu, nayo ilipita mbele ya Mwalimu Cletus, ambaye jina lake ndilo alilolitumia. Akaahirisha. Alijiambia kwamba watu watachoka na maneno hayo wenyewe.

Hawakuchoka. Na kipaimara cha dada yake Immaculata kilikuwa Jumapili ya wiki ileile.

Ijumaa alifika Baba mkubwa Melkiadi kutoka Usevya, juu ya lori la mchele. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Generosa, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa na tabia moja: hakuna jambo jipya aliloambiwa ambalo hakuwa akilijua tangu zamani. Lori lilikuwa limemshusha Kashaulili, na huko sokoni alikuwa ameketi mchana kutwa akisikiliza.

"Maximilian," alimwambia mdogo wake walipokuwa wakila, "mbuzi watachinjwa na nani?"

"Na Mzee Mrisho, kaka. Kama siku zote."

"Safari hii hapana. Nitachinja mimi."

Baba yake Generosa alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Aliweka tonge chini. "Lakini kaka, majirani hawatakula."

"Wasile! Wewe hujui habari ya maneno ya kisu? Babu yetu alinisimulia nikiwa mdogo kuliko huyu." Alimwelekezea Generosa kidole chenye mchuzi. "Hao watu ni wa kuangalia sana."

Maximilian alilichukua tena tonge lake. Kaka mkubwa akishasema mbele ya sahani, mdogo hapingi. Mama Marsela aliinama akakusanya vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula.

Generosa alishtuka moyoni. Babu? Babu alifariki miaka mingi iliyopita. Kama babu aliijua habari hiyo, basi huenda hakuitunga yeye. Huenda aliisikia mahali akiwa mdogo, ikalala kichwani, ikaamka siku ile. Huenda Mzee Mrisho hunong'ona kweli. Wazo hilo lilimpa unafuu na likamtisha papo hapo. Alikumbuka nyama yote aliyokula kwenye sherehe za mtaa, akajishika tumbo.

Asubuhi ya Jumamosi mama yake alimwita nyuma ya jiko. Hakumtazama usoni.

"Nenda kwa Mzee Mrisho. Mwambie asijisumbue kuja, baba yako mkubwa atachinja. Mwambie kwa adabu. Halafu umwombe Mama Mwamvua ile sufuria kubwa."

"Mama, si uende wewe?"

"Nitaweka wapi uso wangu?" mama yake alisema. "Nenda."

Mzee Mrisho alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, ananoa kisu. Kile kipande cha gunia kilikuwa kimetandikwa magotini. Generosa alisogea polepole, masikio ameyatega, akitafuta mnong'ono wowote. Alisikia jiwe na chuma tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Waambie nakuja, namalizia makali. Mbuzi wa Immaculata hawezi kuchinjwa na kisu butu, atateseka."

"Wamesema... wamesema usijisumbue. Baba mkubwa atachinja mwenyewe."

Jiwe likasimama. Mzee Mrisho hakufoka. Alikifuta kisu, akakiviringisha kwenye gunia taratibu.

"Sawa," alisema. "Nilisikia maneno, nikasema Maximilian hawezi. Kumbe anaweza."

"Baba," Generosa alisema, kwa kuwa hakuweza kujizuia, "unaposhika kisu unasema nini?"

Mzee Mrisho aliliweka gunia kando. "Miaka yote hii unasimama karibu na mimi, hujasikia? Nasema Bismillahi, Allahu Akbar. Kwa jina la Mungu, Mungu ni mkubwa. Siku ulipobatizwa nilisema hivyo juu ya mbuzi wako."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mama Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni, khanga imekazwa kifuani. "Kama umetumwa sufuria, haitoki," alisema. "Sijui mtapika nini ndani yake." Nyuma yake, penye pazia, Generosa aliona miguu ya Mwamvua. Haikusogea.

Generosa alirudi akiwa analia waziwazi. Sasa alijua. Hakukuwa na maneno ya siri wala hakukuwa na babu, ila uongo wake uliozunguka mji mzima ukarudi nyumbani umepanda lori la mchele.

Uwanjani kwao watu walikuwa wamejaa: ndugu wa mama, wanawake wanaochambua mchele, majirani Wakristo waliokuja kusaidia. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya uzio. Baba mkubwa Melkiadi amekunja mikono ya shati, kisu cha jikoni mkononi, na kwa kuwa alikuwa na hadhira, hakuwa na haraka.

"Nyie mnacheka," alikuwa akisema, "lakini mambo haya yana historia. Babu yangu alimwona kwa macho yake yule liwali wa Ujiji. Mtu wa kutisha! Jicho moja. Kilemba chekundu, kikubwa, kimeanguka upande huu. Mguu wa kushoto anauburuta hivi." Akaburuta mguu wake, watu wakaguna. "Jina lake lilikuwa Liwali Chongo."

"Si kweli!" Generosa alipiga kelele.

Uwanja mzima ukamgeukia. Immaculata, aliyekuwa anasukwa nywele kwa ajili ya kesho yake, aliinua kichwa, msukaji akamrudisha chini.

"Generosa!" mama yake alimkemea. "Unamwambia nani si kweli?"

"Baba mkubwa, naomba unisamehe," Generosa alisema, "lakini hakuna liwali. Nilimtunga mimi, shuleni, kwenye mchezo. Nilikuwa nashindwa na Mwamvua, nikatunga. Halafu nikasema Mwalimu Cletus ndiye aliyesema, ili wanisadiki. Mwalimu hajasema. Hakuna aliyesema. Ni mimi."

"Mtoto huyu anaota," Melkiadi alisema. "Mimi nimesimuliwa na babu..."

"Jicho moja lilichukuliwa na mwewe," Generosa aliendelea huku machozi yakimtiririka. "Mguu wa kushoto. Kilemba chekundu. Mama, wewe unamjua!"

Mama Marsela alikuwa ameshika ungo wa mchele. Aligeuza uso kuelekea banda la kuku. Watu wote wakafuata macho yake.

Chongo alikuwa anakatiza uwanja. Kelele zile zilikuwa zimemkera, naye alikuja kutazama ni nani anayepiga kelele kwenye kiwanja chake. Alikuja kwa maringo yake, mguu wa kushoto unaburuta, kilemba kimemlalia upande, na alipofika mbele ya Baba mkubwa Melkiadi akasimama, akageuza kichwa ili amwone vizuri kwa lile jicho moja. Akawika.

"Kaka," Maximilian alisema polepole, "babu alimwonea wapi jogoo wetu?"

Aliyeanza kucheka ni msukaji. Kisha wanawake wa mchele. Mama Marsela alicheka hadi ungo ukamponyoka, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia, akajifuta kwa khanga. Melkiadi alisimama pale na kisu chake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyependa kupitwa.

"Nilisikia Kashaulili," alikiri mwisho, akitazama chini. "Kila mtu alikuwa anasema."

"Na wewe ukamtia babu ndani," Maximilian alisema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyoosha mkono mbele ya kaka yake. "Nipe hicho kisu. Twende kwa jirani. Wote watatu."

Walimkuta Mzee Mrisho kwenye kigoda chake. Maximilian aliomba radhi. Melkiadi naye aliomba, kwa sauti ndogo ambayo watu wa Usevya wasingeitambua. Generosa alipiga magoti, akasema yote tangu mwanzo, bila kuficha hata sehemu ya chaki.

Mzee Mrisho alisikiliza hadi mwisho. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini kuniomba mimi msamaha ni kazi ndogo. Mimi nilijua si kweli. Nenda kwa wale walioamini. Bombani, shuleni, na sokoni kwa wauza mchele. Walikosikia uongo ndiko wasikie na ukweli, kutoka mdomo uleule."

"Nitakwenda, baba."

"Sokoni nitampeleka mimi," Melkiadi alisema haraka. "Na mimi nina langu la kusema huko."

Mzee Mrisho akainuka, akachukua gunia lake. Mama Mwamvua alimtazama mumewe, akamtazama Generosa, kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na sufuria kubwa kichwani.

"Naja nayo mwenyewe," alisema. "Na nitapika mwenyewe. Bado nina wasiwasi na nyie, lakini nitakuwa nimesimama karibu na chungu."

Alasiri ile mbuzi walichinjwa mbele ya watu. Mzee Mrisho aliwalaza wakielekea kibla, akasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, "Bismillahi, Allahu Akbar!"

Melkiadi, aliyemshikia miguu ya mbuzi, aliinamisha sikio. "Yameisha?"

"Yameisha. Ulitaka yawe marefu kiasi gani?"

Mbele ya bomba, jioni ile, Generosa alisimama juu ya jiwe na kuwaeleza wanawake wote waliokuwa kwenye foleni. Ilikuwa aibu kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata, na baadhi yao walimsonya. Yule aliyedai kujiuliza siku nyingi alijitia kufunga kamba ya ndoo. Lakini Generosa aliposhuka kwenye jiwe alihisi pumzi inashuka hadi tumboni, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa siku nyingi.

Mwalimu Cletus alikuwa miongoni mwa wageni wa Jumapili. Generosa alimfuata kabla hajakaa, akamweleza, akangoja adhabu. Uwanja ulinukia pilau, na kwenye mikeka Wakristo na Waislamu walikuwa wameketi pamoja, bado wanatazamana kidogo kwanza kabla ya kunyoosha mkono. Mzee Mrisho alianza kula, Baba mkubwa Melkiadi akafuata, na wengine wakafuata hao.

"Kesho utasema mbele ya shule nzima, mstarini," Mwalimu alisema. "Na wiki hii utafagia ofisi. Hiyo ni kwa kutumia jina langu. Sasa mwite Mwamvua."

Mwamvua alikuja, akasimama mbali kidogo na Generosa.

"Kufikiria si kosa," Mwalimu Cletus aliwaambia. "Ni mimi niliyewafundisha kuuliza ingekuwaje, na nitaendelea kuwafundisha. Mtu asiyeweza kuwaza yasiyokuwepo hawezi hata kujenga nyumba. Lakini Generosa, wewe ulichukua 'ingekuwa' ukaivika nguo za 'ilikuwa', ukaitoa nje. Nje kuna watu wenye hofu zao. Hawakuuliza imetoka wapi, waliangalia kama inafanana na hofu waliyonayo. Ndivyo majirani wanavyoanza kuogopana. Ukitunga, sema umetunga. Na ukisikia, uliza umesikia kwa nani, hata kama anayesema ni mtu mzima, hata kama anasema ni mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu," walijibu wote wawili.

Alipoondoka, walibaki wamesimama. Generosa alitamani kusema mengi, akapata moja tu. "Nisamehe, Mwamvua."

"Umechelewa sana," Mwamvua alisema. Bado alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Alichezea ncha ya ushungi wake. "Mchezo tunaendelea nao?"

"Ukitaka."

"Nataka. Ila tubadilishane. Mimi niwe Malkia wa Karema, wewe uwe Sultani wa Ujiji. Uone kama ni rahisi, kila mtu anakushuku na wewe umeleta chumvi tu."

Generosa aliitikia kwa kichwa. Hakuna adhabu aliyopewa siku ile iliyomgusa kama hiyo.

Upande wa mikeka kicheko kikalipuka. Chongo alikuwa ameingia katikati ya wageni, anadonoa wali karibu na magoti ya Mzee Mrisho.

"Baba Mwamvua," Mama Marsela aliita kutoka jikoni, "kisu si unacho? Hebu nichinjie huyo mchokozi, nimechoka naye!"

Mzee Mrisho alimtazama jogoo. Jogoo naye akamtazama kwa jicho lake moja.

"Huyu?" alisema, akamsogezea punje za wali. "Huyu simgusi. Huyu ni liwali."